UZI: Kutembea siku nyingi na mzigo mgongoni. Nini ubebe, nini uache (Lushoto hadi Mtae, na njia ya Kivu)

Wakuu, salaam.

Kila Juni ikikaribia napata ujumbe ule ule: "Nataka kutembea Usambara kwa mguu, ninunue begi gani?" Nimemjibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora nifungue uzi, niandike yote niliyonayo, na mwenye swali alete hapa hapa.

Nazungumzia kutembea siku nne, tano, hadi kumi, kilomita 15 mpaka 20 na kitu kwa siku, na kila unachotumia kiko mgongoni kwako. Sizungumzii Kilimanjaro. Kule wapagazi ndio wanaobeba, na hifadhi imewawekea kikomo cha kilo 20. Hapa mpagazi ni wewe.

Jambo la kwanza, ambalo lingenipunguzia mateso mengi kama ningeambiwa mapema: ushauri mwingi unaousoma mtandaoni umeandikwa na watu wanaotembea Marekani, kwenye njia ambako unaweza kumaliza siku nne au tano huoni duka. Ni ushauri mzuri kwa kule. Ila ukitoka Lushoto kwenda Mtae (milima ya Usambara, Tanga) kupitia Magamba, Lukozi na Rangwi, ni nadra kumaliza nusu siku bila kukuta kibanda chenye sabuni, biskuti, sukari na mtu wa kukuuzia chai. Chakula cha siku tano hukihitaji mgongoni. Unahitaji cha siku moja, na akiba kidogo ya mchana wa pili.

Safari yangu ya kwanza nilipima begi kwenye mizani ya mashine ya kusaga: kilo 19. Mimi mwenyewe nilikuwa na kilo 62. Ndani kulikuwa na mchele kilo tatu, maharage (ambayo yanataka saa mbili za moto, sijui nilifikiri nitayapikia wapi), suruali mbili za jinzi, sufuria mbili, makopo ya nyama, tochi kubwa ya betri na taulo zito la nyumbani. Kila kitu kile nilikiweka kwa sababu niliogopa kitu fulani: njaa, baridi, giza, aibu ya kuonekana mchafu. Nilipofika Lukozi nilimwachia mchele na maharage yote mama aliyenipa mahali pa kulala. Jinzi sikuzivaa hata mara moja.

Uzito wa jumla

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya, Maloiy akiwa miongoni mwa watafiti. Walipima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Wakakuta wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu za ziada kuliko wakitembea mikono mitupu. Hao wamebeba tangu utotoni. Sisi tuliokaa ofisini tunailipia kila kilo, kuanzia ile ya kwanza. Kwa hiyo mimi hiyo asilimia 20 naichukua kama dari, maji na chakula vikiwa ndani. Mtu wa kilo 60, mwisho kilo 12. Siku hizi natoka Lushoto na kilo 9 mpaka 10.

Begi

Watu wengi wanaanza kwa kununua begi, kisha wanalijaza. Geuza. Kusanya vitu vyako kwanza sakafuni, punguza, halafu tafuta begi linalotosha. Lita 40 hadi 50 zinatosha kabisa kwa safari ya kwetu. Begi la lita 70 litajaa tu, kwa sababu nafasi tupu inakukaribisha kuongeza.

Kitu cha lazima kwenye begi ni mkanda wa kiunoni wenye sponji ngumu, unaokaa juu ya mifupa ya nyonga. Ukiufunga vizuri, mzigo mwingi unahamia nyongani na mabega yanapumua. Jaribu hivi: funga mkanda, kisha legeza mikanda ya mabegani. Begi likishuka lote, mkanda huo ni pambo.

Mitumba ndiyo duka letu kubwa la vifaa vya safari, na nalisema hili kwa moyo wote. Karume pale Dar, Memorial kule Moshi: utakuta begi ambalo jipya lingekula mshahara. Kagua zipu hadi mwisho, vuta vifungo vya plastiki kwa nguvu, na tazama ilipoungwa mikanda ya mabegani, maana hapo ndipo panapokatikia.

Viatu: hapa niwaombe msome taratibu

Nilinunua mabuti ya mlimani ya mtumba, ngozi safi, soli haijalika hata kidogo. Nikajiona nimepata. Siku ya pili, kwenye mteremko baada ya Lukozi, soli ya kushoto ilifunguka mbele kama mdomo wa kambale. Nilipoishika, lile povu la katikati lilikuwa linasagika vidoleni kama mkate uliochacha. Baada ya nusu saa na ya kulia ikafuata. Fundi baiskeli mmoja kwenye njia panda alikata tyubu kuukuu vipande vya upana wa vidole viwili, akavizungusha mara tatu kila kiatu, akavuta mpaka uso ukamwiva, akafunga fundo juu ya kamba. Nilitembea hivyo mpaka Mtae, nikisimama kila saa kukaza.

Muuzaji hakuwa na kosa, naye hakujua. Soli nyingi za mabuti zina povu la poliyurethani katikati, na povu hilo huliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini. Kiatu ambacho hakijavaliwa miaka kumi kinaweza kuwa kimekufa kuliko kilichovaliwa kila siku. Kwa hiyo ukiwa sokoni: kunja kiatu kwa nguvu katikati, bonyeza kucha ya kidole gumba pembeni mwa soli, angalia kama kuna nyufa ndogondogo au ungaunga. Ukiona, rudisha. Ukipata vizuri, vaa nyumbani wiki tatu kabla ya safari, na njiani beba mpira wa tyubu mita moja. Uzito wake ni kama hakuna, na unafunga kila kitu.

Siku hizi natumia raba za mbio zenye soli ya meno. Kilo moja mguuni inachosha mara kadhaa kuliko kilo moja mgongoni, na raba ikilowa inakauka mchana ule ule, buti la ngozi unakwenda nalo hadi nyumbani likiwa bichi. Chukua nusu namba kubwa kuliko yako, kwa sababu mguu unavimba ukitembea siku nzima. Kata kucha kabla ya kuondoka, la sivyo miteremko ya kijiji cha Mambo, karibu na Mtae, itazing'oa.

Malengelenge yanaanza na joto mahali fulani mguuni. Ukisikia pamoto, simama HAPO HAPO. Usiseme nitasimama kijijini. Vua, kausha, bandika plasta, badilisha soksi. Soksi pea tatu: mbili za kutembea kwa zamu, moja ya kulala ambayo haitoki nje ya begi mpaka usiku.

Mvua na baridi

Joto linashuka karibu nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Mombo, chini ya milima, unatoka jasho, ukifika Magamba jioni ya Julai unatafuta sweta, na usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 10, sehemu za juu hata chini ya hapo.

Nguo zangu ni chache: fulana mbili za kukauka haraka (jezi za mpira zinafaa sana), suruali moja nyepesi ya kutembelea, moja ya kulalia, sweta la sufu la mtumba, koti la mvua. Fulana ya pamba ikilowa inabaki na maji na inakunyonya joto. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inakupa joto.

Koti la mvua la mtumba lipindue nje ndani. Kama utando wa ndani unabanduka mabaka mabaka, au utepe wa kwenye mishono umeachia, hilo ni koti la upepo tu. Halafu mwagia maji begani, ngoja dakika mbili, pitisha mkono kwa ndani.

Ndani ya begi lazima kuwe na mfuko usiopitisha maji, kwa sababu kifuniko cha nje kinaruhusu maji kupita mgongoni. Mifuko ya nailoni ya kubebea imepigwa marufuku kwetu tangu Juni 2019. Mimi natumia mfuko wa ndani wa yale magunia ya kuhifadhia mahindi yasiyopitisha hewa, unapatikana maduka ya pembejeo. Ni mgumu, mpana, na unadumu safari nyingi. Unaingiza kila kitu, unasokota mdomo, unaukunja.

Kulala

Watu wanahangaika na begi la kulalia, wanasahau ardhi. Baridi ya usiku inakuingia kutoka chini. Manyoya au pamba unayoilalia imebanwa, haikukingi tena. Mkeka pekee hautoshi milimani. Sponji jembamba la kukunja la sentimita moja linafanya kazi kubwa kuliko blanketi la pili.

Hema? Ukienda na njia ya kawaida Lushoto, Lukozi, Rangwi, Mtae, unaweza kulala chini ya bati kila usiku. Rangwi kuna nyumba ya masista wanaopokea wageni. Hema unaliacha nyumbani na unaokoa kilo mbili. Ukitaka kupiga kambi, pitia kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, jitambulishe, omba. Msitu wa Magamba ni hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), una kiingilio na unaingia na mwongozaji.

Na hili naliandika nikiwa sina utani hata chembe: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, wala chumba kilichofungwa, hata kama baridi inakuua. Hewa yake ya sumu haionekani, haina harufu, na watu hawaamki.

Maji

Lita moja ni kilo moja, hapo hakuna ujanja. Natembea na chupa mbili za dukani za lita moja na nusu. Ni nyepesi kuliko chupa yoyote ya chuma. Mara nyingi najaza moja tu, ya pili naijaza nikijua mbele ni pakavu.

Vidonge vya klorini vya duka la dawa vinafaa, ila someni pakiti: vingi vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, na kidonge kizima kwenye chupa ni hatari. Tafuta vya lita moja au tumia dawa ya matone. Ngoja nusu saa.

Kuna jambo ambalo ni la Usambara hasa. Mabonde ya kuelekea Lukozi yote ni kabichi, viazi, karoti, na mboga zinapigwa dawa. Kijito kinachopita katikati ya mashamba kinaweza kuwa cheupe kama kioo. Klorini inaua vijidudu, kuchemsha kunaua vijidudu, lakini sumu ya shambani haiondoki kwa njia zote mbili. Chukua maji juu ya mashamba, karibu na msitu, au bomba la kijiji.

Chakula

Karanga. Gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, unga una kama 360. Karanga, tende, dagaa wa kukaanga, kashata. Asubuhi uji au chai na maandazi kijijini, mchana unatafuna, jioni unakula alichopika mwenyeji. Kipindi cha matunda, plamu na pichesi unanunua barabarani. Beba pakiti nne za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ukiharisha). Zisipokuwepo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa.

Jiko la gesi linafaa ukiwa na hema, ila mitungi midogo ya kusokota utaipata Moshi au Arusha, vijijini hakuna, na kwenye ndege hairuhusiwi.

Naishia hapa kwa leo, leteni maswali.

---

NIMERUDI. Majibu ya maswali yaliyoingia

*Mdau: "Mkuu, hivi vyote ni pesa. Mimi ni mwanafunzi, nina begi la shule na raba za kawaida. Nisiende?"*

Nenda, ndugu yangu. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67 wa Ohio, Marekani, mama wa watoto 11, alitembea njia nzima ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200, peke yake. Miguuni raba za kitambaa. Begani kifurushi alichokishona mwenyewe. Ndani blanketi, koti la mvua na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga. Akairudia tena mwaka 1957. Wewe begi la shule lina mikanda miwili, umemzidi. Liwekee kilo sita tu, maana halina mkanda wa kiunoni, lala majumbani, na pesa yako ya kwanza weka kwenye soksi nzuri na koti la mvua.

*Dada mmoja: "Umeandika kama mwanaume. Sisi je? Hedhi, kuoga, kubadili nguo?"*

Umenirekebisha vizuri dada, nashukuru. Nimemuuliza dada yangu tuliyetembea naye mara mbili, naandika alivyosema. Kanga moja, siyo doti nzima. Ndiyo pazia la kubadilishia, shuka, taulo, ya kujitandia ukiingia nyumba ya watu au kijiji cha watu wa dini, na bandeji ya mkono ukianguka. Inakauka polepole, kwa hiyo ifunge juu ya begi mchana ikipata jua. Hedhi: yeye anatumia kikombe kwa sababu hakina taka za kubeba, ila alikizoea nyumbani miezi mitatu kabla. Anayetumia pedi abebe na mfuko mweusi wa kurudi nazo mpaka mjini, zisitupwe chooni kwa mwenyeji. Amesema pia mkanda wa begi wa kiume unambana kifuani, mwanamke ajaribu begi lenye mikanda iliyopinda na mgongo mfupi.

*Mchangiaji wa Bukavu: "Sisi tuko upande wa Kivu. Ile njia ya Rwanda umeitembea? Vifaa ni vilevile?"*

Nimeitembea, kaka. Kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, siku kumi kwa mguu, Ziwa Kivu likiwa mkono wa kulia ukishuka kusini. Kiswahili kinakufikisha mbali, hasa miji ile ya mpakani na Goma na kwenu Bukavu. Vifaa ni vilevile isipokuwa mambo mawili. Kwanza mifuko ya nailoni: Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008 na mpakani wanakagua kweli. Ule mfuko wangu wa mahindi niliuacha nyumbani, nikanunua mfuko wa mpira wa kukunja mdomo. Pili, vilima. Pale Kinunu na mbele yake unashuka hadi usawa wa ziwa, unapanda tena, unashuka tena, mchana mzima. Magoti ndiyo yanayolia. Chukua fimbo mbili. Mianzi mikavu inayofika kiwikoni ukisimama inatosha, zungushia mpira wa tyubu kwenye mshikio.

*Mdau: "Nikitaka kulala juu ukingoni nione mawio, na juu hakuna maji, si lazima nibebe lita tano?"*

Hapana, na jibu tunalo tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe (Tabora) na Ujiji ilikuwa na mwendo wa alasiri, wakiuita telekeza au tirikeza. Mnafika kwenye maji, mnapika, mnakula, mnakunywa mpaka mnatosheka, mnajaza vibuyu, jua likipungua mnaondoka. Mnalala pakavu, asubuhi mnafikia maji ya mbele. Fanya hivyo hivyo. Saa tisa alasiri simama kwenye kijito cha juu au bomba la kijiji, pika chakula chako cha jioni pale pale, kunywa lita nzima, osha sufuria, kisha panda. Juu utahitaji lita moja na nusu ya usiku na ya chai ya asubuhi. Na harufu ya chakula imebaki bondeni, siafu hawakufuati.

*Mdau: "Simu je? Ramani?"*

Pakua ramani ya eneo zima kabla, iwe inafanya kazi bila mtandao, kisha weka simu kwenye hali ya ndege. Chaji moja inanifikisha siku mbili na nusu hivyo. Pawabenki moja ndogo. Ila kitochi cha vitufe ndicho nisichokiacha: kinakaa wiki, kina tochi, na namba tatu muhimu nimeziandika pia kwenye karatasi ndani ya mfuko wa ORS.

*Mdau: "Ukifika Mtae unarudije?"*

Mabasi yanaondoka alfajiri sana, saa kumi na moja hivi. Ulizia jioni ile ile unapofika, dereva ajue una begi. Halafu kabla ya kulala nenda mpaka mwisho wa kijiji, pale ardhi inapokatika. Chini ni nyika ya Mkomazi, upande ule milima ya Upare, na hewa ikiwa safi unaiona Kilimanjaro. Vua viatu ukae. Mimi pale ndipo nilipokata ule mpira wa tyubu kwa kisu, soli zote mbili zikabaki kwenye majani, nikarudi kitandani na yeboyebo.

Walio tayari kwa Julai andikeni hapa chini mna siku ngapi na begi lina kilo ngapi likiwa na maji. Wekeni na orodha, tupunguze pamoja kabla hamjapanda gari la Lushoto.